Nchi Isiyolimwa

Mume wangu alipokufa, aliacha mtu amesimama kwenye theluji.

Alikuwa na kibanda cha gemu mjini Kitale, chumba kimoja cha kukodi karibu na msikiti, chenye televisheni tatu na viti vya plastiki. Wateja walikuja kucheza mpira. Walipiga kelele, wakachekana, wakalipa, wakaenda. Lakini kibanda kilipokuwa kitupu, hasa asubuhi, yeye alikuwa na gemu yake nyingine, ya mtu mwenye farasi katika nchi kubwa mno. Hiyo wateja hawakuitaka. Walisema haina bao.

Mimi nilibaki nyumbani Myanga, nikishona sare za shule pale sokoni na kuangalia shamba. Shamba ni neno kubwa. Baba mkwe wangu aligawia wanawe, wanawe wakamegeana, na sehemu iliyotufikia sisi ni ile ambayo ukirusha jiwe kutoka mpaka wa huku, jirani wa mpaka wa kule atakuuliza una ugomvi gani naye.

Kila jioni alinipigia simu. Tukimaliza habari za watoto na mvua, alinieleza alikofika.

"Leo nimetembea mchana mzima na sijaona mwisho."

"Si ni picha tu?"

"Ni picha, lakini ina mwendo. Ukiona kilima kule mbali, unaenda, unakifikia. Ukifika juu unaona kingine."

"Na nani analima huko?"

Alicheka mpaka akakohoa. Nami sikuwa nimesema kwa mzaha. Nchi kubwa hivyo, yenye mito, halafu haina mtu na jembe, niliona ni hasara. Siku kadhaa zikapita, akanipigia akiwa na furaha kama mtu aliyeokota kitu.

"Nimekutafutia mkulima. Yuko mmoja. Mzee, ana kofia ya majani. Anapiga jembe mahali pamoja, kila siku, hapo hapo."

"Hasogei?"

"Hasogei."

"Maskini. Na anakula saa ngapi?"

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Sitasema nilikuwa naelewa. Nilikuwa napenda kumsikia akiwa amechangamka, kwa maana hakuwa mtu wa maneno mengi.

Alianguka asubuhi moja pale pale kibandani, pedi ya kuchezea ikiwa mkononi. Jirani yake, mzee Mwislamu anayeuza viatu vya mitumba mlango wa pili, ndiye aliyemkimbiza hospitali. Mimi nilipofika kutoka Myanga, walikuwa wameshamfunika.

Tulipomleta nyumbani, shangazi yake alikaa nyuma ya gari, kando ya jeneza. Kwa watu wetu, mtu akifia mbali haitoshi kubeba mwili. Lazima aambiwe njia, la sivyo atabaki huko akizungukazunguka. Shangazi alianza kumwambia tangu mlango wa hospitali. Twende nyumbani, usibaki kwa watu. Sasa tumetoka Kitale. Sasa ni Kiminini. Sasa tumefika Kamukuywa, hapa kuna daraja, tunavuka, usiogope. Tulipopita Chwele alimwambia hapa ndipo ndugu yako anapouza mahindi. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwelekeza mgeni. Sauti ilimkauka kabla hatujafika Bungoma, akanywa maji kidogo, akaendelea mpaka kwenye lango letu. Hapo akamwambia, umefika, huyu ni mama yako. Ndipo tukalia.

Baada ya mazishi wazee walikaa na kugawa vitu vyake. Vilikuwa vichache. Mashine ya gemu, ile moja nzuri, walimpa kaka yake, shemeji yangu wa Chwele, kwa sababu ana wavulana. Sikuwa na neno. Nyingine mbili zilikuwa za mwenye chumba. Tukapatana kwamba nikimaliza siku zangu za mjane za kukaa ndani nitakwenda Kitale kukusanya nguo na vyombo, naye shemeji atapitia na pikapu baada ya alasiri kutuchukua, mimi na mzigo.

Nilifika Kitale asubuhi. Muuza viatu alinifungulia, maana ufunguo aliuweka yeye. Alinipa pole, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaangalia sakafu.

"Dada, kuna kitu sijui kama nikuambie."

"Niambie, jirani."

"Siku ile, nilipotoka hospitali, nilikuta televisheni bado inawaka. Nikahifadhi pale alipokuwa. Sikumsogeza hata hatua. Niliona vibaya kumsogeza."

Akaiwasha. Nikaona mtu amesimama ametugeuzia mgongo, amevaa koti zito, theluji inamwangukia mabegani. Farasi alikuwa kando yake, anatikisa kichwa. Nyuma yao hakukuwa na mti wala nyumba. Mbele yao mlima ulipanda ukaingia mawinguni.

"Huyu ndiye yeye?"

"Ndiye."

Nilikaa. Nakumbuka nilitafuta mahali pa kuweka mkoba wangu nikakosa, nikaushika tu.

"Na nyumbani kwake ni wapi? Aliniambia ana nyumba huko."

Jirani akafungua ramani. Ilikuwa kama ukitandaza kitambaa mezani, kisha ukagundua meza haina mwisho. Theluji ilikuwa pembe ya juu. Nyumba ilikuwa chini kabisa, upande wa pili, karibu na maji.

"Ni mbali, lakini si shida," akasema. "Nabonyeza nyumba kwenye ramani, amefika. Sasa hivi."

"Bila kupita njiani?"

"Bila. Anaruka tu."

Nilimweleza habari za shangazi na jeneza. Nilimwambia pia kwamba watoto wa shemeji ni watoto, wataanza gemu upya siku hiyo hiyo, na huyu atafutwa akiwa hapo kwenye baridi. Nilijua ni picha. Nataka ieleweke kwamba nilijua. Nilishika udongo wa kaburi lake kwa mkono wangu, sikuwa na shaka yuko wapi. Lakini niliona siwezi kutoka chumba kile na kumwacha amesimama vile.

Mzee alisikiliza, kisha akafunga ramani.

"Basi tupite njiani. Ila nikuambie mambo mawili. La kwanza, gemu hii njiani inahifadhi mara moja tu, na hiyo niliitumia siku ile; nyingine ni akilala kitandani kwake. Stima ikipotea, taa zikizimika kabla hajalala, tumerudi kwenye theluji."

"Na la pili?"

Alijikuna ndevu. "La pili, alikuwa anapanda. Mimi na yeye tulikuwa na ubishi. Mimi nilimwambia kile kilele ni pambo, wamechora tu, hakifikiki. Yeye akasema, mzee, hawa watu hawakutengeneza nchi kubwa hivi wakaja kudanganya kwenye mlima. Kila unachokiona kinafikika. Asubuhi ile alikuwa anakwenda kunionyesha."

"Kimebaki kiasi gani?"

"Sijui. Hakuna mtu ninayemjua aliyefika. Lakini tukipanda, hatutawahi kumrudisha kabla ndugu yake hajaja."

Niliangalia ule mlima. Mume wangu aliuona Mlima Elgon kila asubuhi ya maisha yake, kwanza kutoka kwao, baadaye kutoka Kitale, na hakuwahi kuupanda. Kazi haikumruhusu. Mtu mwingine angesema, mpandishe, mpe alichokitaka. Ningependa kuandika kwamba niliwaza alichokitaka yeye. Niliwaza nilichokitaka mimi. Nilitaka awe nyumbani.

"Tumrudishe," nikasema.

"Basi hatutajua nani alishinda ubishi."

"Hatutajua, jirani. Nisamehe."

"Mimi sina neno. Yeye ndiye angenuna."

Tukaanza kushuka. Mzee alishika pedi, mimi nilisema njia. Mwanzoni niliona haya kusema mbele ya mtu, tena kwenye kibanda kilicho wazi barabarani. Halafu sikujua majina ya mahali. Shangazi alikuwa na Kiminini na Kamukuywa, mimi nilikuwa na mawe tu. Basi nikasema nilichokiona. Sasa tunashuka, kuna utelezi. Sasa theluji imeisha, kuna majani. Hapa kuna miti mirefu kama ya msitu wa Kapolet. Sasa ni daraja la mawe, tunavuka.

Sikuwa nimejua ni kubwa vile. Kwenye simu nilikuwa nikisikia tu "kubwa" kama mtu anavyosema ng'ombe mkubwa. Tulienda, tukaenda. Bonde likaisha, likaja lingine la rangi tofauti. Chini ya daraja maji yalipita juu ya vijiwe, na kila kijiwe kilikuwa na upande wake wa kivuli. Nikawaza kuna mtu mahali fulani aliyekaa kwenye kiti akaweka vijiwe vile, akijua wengi watapita juu wakikimbia. Nashona nguo, najua kazi ya upande wa ndani inavyochosha. Nikamheshimu mtu huyo nisiyemjua.

Kisha tukafika mji, nikafurahi kwa sababu ya nyumba nyingi. Mzee akasimamisha farasi ili nione.

"Bisha mlango wowote," akasema.

Tukajaribu. Hakuna uliofunguka. Milango ilikuwa michoro ukutani.

"Unaona? Kila mwaka wanatoa gemu nyingine, ati hii ni kubwa kuliko ile. Mimi nilimwambia marehemu, wapunguze barabara, wafungue milango."

"Yeye alisemaje?"

"Alisema mimi nimezaliwa mjini, nimeshiba milango. Yeye amekulia mahali pa mipaka. Alitaka mahali ambapo huwezi kumaliza."

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Hilo lilinikaa. Mtu unaishi naye, unamfulia, unamzalia, kisha muuza viatu anakupa sentensi yake moja ambayo hukuipata.

Adhana ya adhuhuri ikaita. Mzee akaweka pedi juu ya kiti.

"Naswali nakuja. Usiguse kitu."

Nikabaki naye, mume wangu na farasi, katikati ya barabara. Sikukusudia kugusa. Lakini huko kwao mvua ikaanza, si mvua ya kitoto, na yeye akasimama tu, maji yanamtiririka kwenye kofia. Nilivumilia. Nikaangalia mlango kama mzee anarudi. Mwisho nikachukua pedi, nikasukuma kile kijiti cha kidole gumba, na yeye akageuka akakwenda moja kwa moja akagonga ukuta. Nikamwomba msamaha kwa sauti. Nikajaribu tena, pole pole, kama unavyoanza kukanyaga cherehani usiyoizoea, mpaka nikamfikisha chini ya paa la soko. Farasi nilimwacha. Farasi sikumweza.

Mzee aliporudi alitukuta hapo.

"Nani amemleta huku?"

"Kulikuwa kunanyesha."

Aliangalia televisheni, akaniangalia mimi. "Haya," akasema. "Basi endelea wewe. Mimi nitakuonyesha tu."

Akanionyesha kitufe cha kumwita farasi na cha kumpanda. Ndivyo nilivyomwongoza mume wangu, na nilimwongoza vibaya. Nilimwangusha mtoni huku mzee akipiga kelele, "Dada! Daraja si hilo hapo, bana!" Nilimpitisha kwenye miiba. Vijana wawili wa bodaboda walisimama mlangoni wakitaka mpira, wakaona mama mwenye kichwa kilichonyolewa kwa msiba ameshika pedi, anaiambia televisheni, "Sasa tunaingia shamba la mawe, vumilia." Wakaangaliana.

"Mathee, level gani hiyo?" mmoja akauliza.

"Anampeleka mtu nyumbani," mzee akamjibu. "Nendeni mkatafute abiria."

Alasiri ikaita, mzee akaenda akarudi. Tulikuwa bado hatujayaona maji ya nyumbani kwake. Nikasikia pikapu ikisimama nje, mlango wake ukifungwa kwa nguvu, na nikajua mkono huo.

Shemeji yangu ni mtu wa mahindi na ng'ombe. Ana sauti ya mnada hata akiomba chumvi. Aliingia, akaona vyombo havijafungwa, nguo ziko pale pale ukutani, na mimi nimekaa mbele ya gemu.

"Shemeji! Ati mnacheza?"

Mzee wa viatu akasimama kunitetea, nikamwambia akae. Nikamwambia shemeji ukweli jinsi ulivyo. Huyu ndiye mtu wake, alikuwa amebaki mlimani, nimemtoa huko tangu asubuhi nikimwambia njia, na ukibeba mashine sasa atarudi pale pale.

Taa ya chumba ikafifia mara moja, kama stima ya Kitale inavyofanya jioni, ikarudi. Yule mtu na farasi wake walikuwa bado barabarani.

Shemeji aliisogelea televisheni.

"Nani amekuwa akimwambia njia?"

"Mimi."

"Wewe." Akatikisa kichwa. "Wewe ni mke, shemeji. Mke hasemi njia. Ni sisi tunaosema, watu wa damu. Wewe unajua hivyo."

Nilijua. Ilikuwa ni kweli tangu asubuhi, na nilikuwa nimeificha chini ya mengine. Nikaweka pedi magotini nikingoja aichomoe mashine. Nilishaanza kuwaza nitamwacha wapi, chini ya mti gani.

Shemeji akavua kofia. Akavuta kiti cha plastiki, kikatoa mlio chini ya uzito wake.

"Mmefika wapi?" akauliza.

"Tumevuka mto wa tatu. Maji ya kwake hatujayaona."

"Endesha."

Nikaendesha, naye akasema. Alisema kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti ambayo sikujua anayo, ile aliyomsemea labda walipokuwa wadogo wakichunga. Alimwita kwa jina la utotoni. Sasa tunapita msitu, ndugu yangu. Sasa barabara imegawanyika, tunashika ya kushoto, ya kulia si yetu. Alipokosa la kusema alimtania. Farasi umenunua, na baiskeli ya baba uliniachia mimi nitengeneze. Mzee wa viatu hakujua lugha ile, lakini aliinamisha kichwa.

Tukatokea kwenye uwazi. Kulikuwa na shamba la ngano, na katikati yake mzee mwenye kofia ya majani anapiga jembe.

Nikasimamisha farasi.

"Nini?" shemeji akauliza.

"Huyo ndiye mkulima. Alinitafutia huyo."

Tulimwangalia. Aliinua jembe, akalishusha, akaliinua. Udongo haukugeuka. Nchi yote ile, mabonde yote yale, na mtu mmoja tu aliyepewa jembe, na hakupewa hata mtaro wa kumaliza.

"Huyu kwangu Chwele hamalizi nusu siku," shemeji akasema. "Ningemfukuza kabla ya chai." Kisha akasema kwa lugha yetu, polepole, kwa yule aliyepanda farasi, "Hapa ni kwa mzee wa jembe. Umekaribia."

Nyumba ilikuwa baada ya kilima kimoja. Jirani alituambia kwamba kwenye gemu ile mtu aliyecheza muda mrefu kama yeye angeweza kupata jumba lenye minara. Yeye alichagua hii, ya chumba kimoja, yenye kibaraza, inayotazama ziwa. Haikuwa na ua. Hakuweka ukuta wala miti ya mpaka upande wowote. Mlango huu ulifunguka.

Ndani kulikuwa na meza, jiko na kitanda. Sikuona kitu chochote changu wala cha watoto, na nilikuwa nimetafuta. Nilisimama naye katikati ya chumba mpaka shemeji akakohoa.

"Umefika," akamwambia. Akatafuta la kuongeza. Shangazi alikuwa na mama wa kumkabidhi, sisi hatukuwa na mtu humo. "Umefika," akarudia. "Mke wako yuko hapa."

Jirani alinionyesha cha kubonyeza. Mume wangu akavua kofia yake, akalala kwa ubavu kama alivyolala siku zote, ingawa najua wote wanaocheza gemu ile hulala hivyo. Alama ndogo ikazunguka pembeni kisha ikatoweka.

"Imehifadhi," mzee akasema.

Tukafunga vyombo haraka kwa sababu giza lilikuwa linakaribia. Mzee wa viatu alitusaidia kubeba, akampa shemeji mkono, akaniambia mimi kwamba bado anaamini kile kilele ni pambo. Shemeji alipakia vyote nyuma ya pikapu, sufuria, godoro, viti viwili. Mashine aliifunga kwa blanketi, akazunguka nayo mbele, akaniwekea mapajani.

Tukaenda mpaka Kamukuywa. Hapo, kabla ya daraja, shemeji alipunguza mwendo kuliko ilivyohitajika. Tukavuka.

Mashine iko kwake sasa. Nasikia wavulana wanacheza mpira, na kwamba baba yao amewaambia ile gemu ya farasi isiguswe, akawaahidi fimbo. Lakini yeye hushinda sokoni, na watoto ni watoto. Nikienda Chwele kununua vitambaa hupita kuwasalimu, hunywa chai, huisikia televisheni chumba cha pili. Sijauliza kama kuna mtu amemwamsha.